Baba Ameachiliwa

Nyanchoka alikamatwa Ijumaa asubuhi ili Balozi apate barabara safi ya kuja kutufundisha haki za binadamu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele ataona haya.

Soko letu ni dogo, liko kati ya Keumbu na Itumbe, na jina lake ninaliacha kwa sababu watu wake wote wangali hai na wana simu. Balozi naye alikuwa wa nchi ya mbali yenye baridi, na jina la nchi hiyo pia ninaliacha, maana haikukosa kitu. Ilileta mahema, fulana nyeupe zilizoandikwa HAKI YAKO, SAUTI YAKO, na soda za kututosha sote. Kanjo, wale askari wa kaunti, walifika sokoni saa mbili kamili na pikapu yao, wakatangaza kwamba wauza mboga wote watoke kando ya barabara mpaka wageni wapite.

Wenzake waliinua magunia yao. Nyanchoka alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupanga mafungu ya chinsaga na managu, na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Hao wageni wanakuja kufanya nini?" akauliza.

"Kuwafunza nyinyi haki."

"Sasa wakinikuta hapa nauza si watafurahi?"

Askari wa kanjo hapendi swali, na swali lenye jibu ndilo hapendi kabisa. Nyanchoka akakalia gunia lake. Wakamwinua wanne, yeye na gunia, kama wanavyoinua kochi kwenye harusi, wakamtia kwenye pikapu na kumpeleka kituo cha polisi. Mboga zikaandikwa kuwa kielelezo. Kufikia saa sita kielelezo kilikuwa kimepikwa na kuliwa na ugali, na waliokula walisema chinsaga ya mama huyu haina uchungu hata kidogo.

*

Bintiye, Purity, alipata habari akiwa anapiga pasi fulana yake ya haki. Alikuwa amemaliza shule mwaka juzi, na Jethro, mratibu wa mkutano huo wa Balozi, alikuwa amemchagua asome hotuba kwa niaba ya vijana. Alizima pasi, akachukua vidonge vya presha vya mamake kutoka kwenye kikombe cha dirishani, akashuka kwenye majani chai alikokuwa babake.

Hapa lazima niseme jambo moja ili mgeni asipotee. Kwetu, kwa Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mtoto wetu akianguka hulia "baba!" na ni mamake anayekuja mbio. Shuleni tunafundishwa Kiswahili tunageuza, mdomo unazoea, lakini moyo haukwenda shule.

"Tata," Purity akasema, "wamemshika baba. Yuko seli."

Mzee Ochoki alisimama na kikapu mgongoni. Ni mtu mpole, anayevua kofia hata akipigiwa simu na chifu. "Amefanya nini?"

"Ameuza mboga. Hajanywa dawa. Twende."

"Niende niseme nini? Mtu akijipeleka kwa polisi mwenyewe wanasema amejileta." Aliona jinsi bintiye anavyomtazama, akainamisha kichwa. "Enda wewe. Wewe umesoma."

Purity akaenda. Mezani kituoni alikuwako Koplo Okemwa, mwenyeji wetu, aliyesoma darasa moja na Ochoki. Koplo alivigeuzageuza vile vidonge kama mtu anayekagua mbegu.

"Dawa lazima ikuje na barua ya daktari."

"Afande, si unamjua mama! Unajua anaugua."

"Namjua kama jirani. Hapa simjui." Akapunguza sauti. "Inspekta amesema kesi ni Jumatatu. Leo mahakama iko na wageni, kila mtu ameenda kwa haki."

Siku tatu. Mwaka uliopita Nyanchoka aliacha vidonge siku mbili tu, akaanguka kanisani huku ameshika sahani ya sadaka, na mdomo ukapinda wiki nzima. Purity aliviweka vidonge mfukoni, akarudi nyumbani kuvaa fulana, akampa babake vidonge avihifadhi. Alikuwa na wazo moja tu. Balozi ndiye mkubwa kuliko Inspekta.

*

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Balozi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, alisimama saa nane mchana akatusalimu "Bwakire!", ambayo ni salamu ya asubuhi, tukampigia makofi ya kuangusha hema. Alisema haki haitoki kwa serikali, mtu huzaliwa nayo. Alisema hata mama maskini anayeuza mboga kando ya barabara ana haki sawa na yeye Balozi. Watu walitazama barabara. Barabara ilikuwa safi, hapakuwa na mama hata mmoja.

Aliyekuwa akimtafsiria aliitwa Ruth, afisa wa mawasiliano aliyetoka naye Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka wazee wetu wakawa wanakisikiliza kama wimbo, bila kushughulika na maana.

Purity aliitwa. Mkononi alikuwa na karatasi ambayo Jethro aliipitia mara tatu na kuipa jina Ndoto Yangu. Aliikunja. Kwenye viti vya mbele Inspekta alikuwa anakunywa soda.

"Mheshimiwa Balozi," alianza, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa, alikuwa amekifanyia mazoezi njiani. "Leo asubuhi, kwa sababu ya ziara yako, kanjo walikuja sokoni. Wakashika..." Alitafuta neno la shuleni, halikuja. Likaja lile analolilia tangu azaliwe. "Wakashika baba! Baba yuko seli. Baba anauza mboga tu, baba ni mgonjwa, anataka dawa, na amenyimwa. Kama mtu anazaliwa na haki, naomba baba yangu atoke leo."

Uwanja mzima ukaguna. Akina mama wakashika vichwa. Sisi sote tulielewa, hata mbuzi wa mwalimu mkuu nadhani alielewa. Ruth pia alielewa, kwa Kiswahili chake kizuri. Na Kiswahili kina ubaya wake, kinasema "yuko" na "anauza" bila kukuambia ni mume au mke. Akamwinamia Balozi akamweleza kwa Kiingereza kwamba baba mzazi wa binti huyu, mzee mgonjwa, mwanamume wa watu, amewekwa kizuizini.

Balozi aliondoa miwani. Macho yalikuwa yamemlowa kweli, hilo nashuhudia. Alimgeukia Inspekta, akasema kwa upole mwingi kwamba hataki kuingilia kazi ya polisi ya nchi huru, ila kabla hajaondoka saa kumi na mbili angependa sana kumsalimia baba huyo akiwa nje.

Inspekta alisimama na chupa ya soda, akapiga saluti kwa mkono wa pili. "Baba ataachiliwa!"

Makofi. Purity akamvuta Jethro shati. "Amesikia vibaya! Mimi nimesema mama."

"Umesema baba."

"Jethro! Si wewe ni Mgusii?"

"Mimi ndiyo. Balozi siyo." Jethro alimsogeza kando. "Nikisimama niseme mkalimani wao amekosea, mbele ya kamera, nitakuwa nimemwaibisha mgeni. Mwaka ujao watapeleka mahema kwingine. Wacha kwanza baba atoke, halafu mengine tutaongea."

"Baba hayuko ndani!"

"Basi kumtoa itakuwa rahisi."

Purity akamkimbilia Ruth mwenyewe. "Dada, si baba. Ni baba... aah, ni mama! Mama ndiye ameshikwa."

"Pole mpenzi," Ruth akasema, akimpapasa bega, "najua na mama ana uchungu. Mwambie atulie, baba anatoka leo." Akampa chupa ya maji na kadi yenye namba ya simu. Alimaanisha mema. Siku ile kila mtu alimaanisha mema, na Nyanchoka alikuwa bado kwenye sakafu ya saruji, kichwa kikimpiga.

*

Nyuma ya hema Inspekta alimwita Koplo Okemwa.

"Huyu msichana ana baba?"

"Ako, afande. Ako kwa majani chai yake."

"Ameshikwa?"

"Hajawahi shikwa, afande. Ni mtu mwoga."

"Basi mshikeni tumwachilie."

Okemwa alikuna shingo. "Afande, si tuachilie tu yule mama? Ndiye msichana alisema."

"Yule mama nimemsikia akiongea," Inspekta akasema. "Akisimama mbele ya kamera ataulizwa alishikwa kwa nini, na atasema, kwa sababu yako Balozi. Mimi nitahamishiwa wapi? Huyo mzee wake anaongea?"

"Hapana, afande."

"Huyo ndiye mfungwa wangu."

Landrova ilisimama kwa Ochoki saa kumi. Ochoki alipoiona alitupa kikapu akapiga mbio katikati ya mistari ya majani chai, kofia ikabaki juu ya kichaka. Okemwa alimfuata akihema na kumwita kwa jina la utotoni.

"Simama wewe! Hatujakuja kukushika, tumekuja kukuachilia!"

Sauti ikatoka kwenye majani. "Kuniachilia kutoka wapi?"

"Kutoka ndani!"

"Lakini mimi niko nje!"

"Ndiyo sababu lazima uingie kwanza. Balozi anangoja."

"Na Nyanchoka?"

"Ya Nyanchoka ni Jumatatu. Wewe ndiye umetajwa."

Ochoki alitoka kwenye majani chai, suruali imelowa hadi magotini. Wala hakubishana, alichoomba ni kwenda kuvaa koti, maana alikuwa hajawahi kufungwa na hakutaka kuonekana vibaya. Alivaa lile la Sabato. Alipita dirishani, akachukua kitu kwenye kikombe, akapanda Landrova mwenyewe bila kushikwa mkono.

*

Kituoni waliandika jina lake katika kitabu cha matukio, saa ya kukamatwa na saa ya kuachiliwa, zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kisha Inspekta akaamuru aketi ndani dakika kumi, maana mtu aliyetoka seli akinukia sabuni anatia shaka. Hawakumpekua. Anayeachiliwa hapekuliwi.

Seli ya wanaume na ya wanawake zimetenganishwa na vyuma tu. Nyanchoka alikuwa amejilaza, leso juu ya macho. Akafungua jicho moja.

"Mzee? Nawe umefanya nini?"

"Nimekuja kuachiliwa."

"Na mimi?"

"Wewe haukutajwa," Ochoki akasema, akaona aibu kama vile ni yeye aliyeandika orodha.

Nyanchoka alitaka kucheka, kichwa kikamkataza. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho, na mkono mmoja ulikuwa unacheza wenyewe. Ochoki aliuona ule mkono. Akatoa vidonge kwenye koti, akapitisha viwili kati ya vyuma, na chupa ya maji ya haki ambayo Okemwa alikuwa amempa kwa kufumba macho, yaani aliiacha kwenye kiti cha Landrova akatazama kando. Nyanchoka akameza. Wakakaa, kila mtu upande wake, migongo ikigusana kwenye vyuma. Jua lilikuwa limeanza kuinama na Sabato ilikuwa karibu kuingia.

Nje magari ya ubalozi yakafika. Milango ikafunguka kwa sauti nzuri ya milango ya gharama. Okemwa akaja na funguo.

"Haya, mzee. Toka."

"Sitoki," Ochoki akasema.

"Nini?"

"Sitoki."

Nyanchoka aliinua kichwa. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na neno hilo hakuwahi kulisikia kwake, si kwa chifu, si kwa karani wa majani, si kwa mtu yeyote.

"Usilete mchezo! Balozi amesimama hapo nje!"

"Mwambie aingie. Nafasi iko."

Alikuwa anaogopa, nisidanganye, mpaka jasho lilikuwa limetoboa koti la Sabato. Lakini aliketi chini, akashika chuma kwa mikono miwili, mikono ile iliyopakwa weusi na majani chai, na Okemwa akajua kwamba hata wakija wanne haitakuwa kama kuinua kochi, kwa sababu itakuwa mbele ya kamera.

Inspekta alikuja mwenyewe, akinong'ona kwa hasira. "Mzee, wewe ni huru! Unajua maana ya huru?"

"Afande, huyu ni bibi yangu. Ni mgonjwa. Kesho kanisani nitaketi na nani? Nikitoka peke yangu nitamwambia mtoto nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi naogopa nyinyi sana. Lakini sitoki."

Nje Ruth aliuliza kwa sauti tamu kama kuna tatizo lolote. Inspekta alitazama saa, akatazama mlango, akatazama kitabu.

"Sikiliza. Hati ya mashtaka imeshaandikwa, ya kuuza mboga kando ya barabara. Lazima iwe na mtu. Nikifuta jina lake nitaandika la nani?"

"Langu."

"Na Jumatatu utasimama mahakamani?"

"Nitasimama."

Inspekta akafuta, akaandika. Nyanchoka akatolewa kwa mlango wa jikoni, akapitishwa karibu na sufuria iliyokuwa bado na mabaki ya kielelezo, akaambiwa azunguke aje kwa lango la mbele kama mke aliyekuja kumpokea mumewe. "Lia kidogo," Inspekta akamwagiza.

"Mimi silii kwa kuambiwa," Nyanchoka akasema.

Basi mambo yakaenda vizuri. Baba alitoka mlangoni akiwa na harufu ya seli, mama akaingia langoni, na Purity akawakimbilia wote wawili, akamkumbatia mamake kwanza, jambo ambalo mpiga picha aliliona si la mpangilio na akaomba lirudiwe. Nyanchoka na Ochoki walisalimiana kwa mkono, kama watu wetu wanavyofanya mbele za watu, ila hawakuachiana. Balozi akasimama katikati yao.

"Mwambie mama," alimwambia Ruth, "kwamba ujasiri wa binti yake umemrudishia mume."

Nyanchoka alisikiliza tafsiri, akatingisha kichwa. "Mwambie asante. Na umuulize mboga yangu imeliwa na nani."

"Anashukuru sana," Ruth akamwambia Balozi.

Picha ilitoka kesho yake kwenye ukurasa wa ubalozi. Chini yake waliandika: Baba aliyeachiliwa akiwa na mkewe, aliyekuja kumpokea. Watu elfu tatu waliipenda. Wagusii wachache walioacha maoni waliweka vicheko tu, na ubalozi ukawajibu wote kwa alama ya moyo.

*

Jumatatu Ochoki alisimama kizimbani na koti lile lile. Hakimu alikuwa mgeni, hajamaliza mwezi tangu ahamishiwe kwetu. Jemimah, jirani wa Nyanchoka sokoni, na wauza mboga wengine walijaza benchi za nyuma, na Nyanchoka alikuwa kati yao, amekunywa dawa, ameshika gunia tupu magotini.

"Unashtakiwa kuuza mboga kando ya barabara bila kibali. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Hakimu alimtazama, akaitazama ile mikono. "Kielelezo kiko wapi?"

"Kilioza, mheshimiwa," Koplo Okemwa akasema, akitazama sakafu.

"Na hapa naona neno limefutwa halafu limeandikwa tena." Hakimu alisogeza karatasi karibu na uso. "Chini bado inasema mshtakiwa ni mama mboga. Huyo mama mboga ni nani?"

Jemimah alimbana Nyanchoka mkono. Okemwa aliacha kupumua, maana sasa hivi mtu mmoja angesema ukweli na yeye angepoteza kazi, na Nyanchoka angerudi pale pale. Ochoki aligeuka nyuma, akamtazama mkewe, kisha akamrudia hakimu. Safari hii koti lilikuwa kavu.

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema. "Mimi ndiye baba."

Mahakama ilipasuka. Akina mama waliangukiana kwenye mabenchi, karani akaficha uso ndani ya faili, hata Okemwa aliuma kofia. Hakimu aligonga meza mara tatu. "Mnacheka nini? Mtu amekiri, kuna nini cha kuchekesha?" Hakuna aliyemwambia. Alingoja, akaona hawa watu hawaeleweki, akamwachilia Ochoki kwa onyo asionekane tena na mboga barabarani. Ikawa mara ya pili katika siku nne anaachiliwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Nje Nyanchoka alikuwa anamngoja kwenye ngazi. Alimrekebisha kola ya koti, polepole, mbele za watu wote. Kisha akasema kwamba kama wakiharakisha watafika soko la Daraja Mbili kabla bei haijapanda, maana mboga za Ijumaa zilikwisha kuliwa na serikali na za Jumanne bado hazijanunuliwa.

"Shika gunia, baba," akamwambia.

Na Ochoki akalishika.